Kuanza Kupona Uraibu wa Chakula Ukiwa na Wenzako: Mwongozo Kutoka Lamu

Nilikuwa na wachuuzi watatu wa kaimati. Mmoja Langoni, mmoja karibu na Mkunguni, na wa tatu kwenye kichochoro ambacho sikuwa na shughuli nyingine yoyote ya kunipitisha. Kila mmoja nilinunua kwake za shilingi 50, ili asiwepo mtu hata mmoja anayeijua hesabu nzima. Akiniuliza mtu, nilikuwa na wageni. Siku moja yule mama wa kichochoroni, huku akinifungia, akanitazama usoni. "Wageni wako, mwanangu, huingia kwa boti gani? Mbona leo ya Mokowe haikuteremsha mtu?"

Alikuwa akinitania. Nilirudi nyumbani nikazila zote nyuma ya mlango wa jiko, za wachuuzi wote watatu, zingali za moto na shira ikinitiririka mpaka kwenye kifundo cha mkono. Kisha nikazikunjakunja zile karatasi nikazizika ndani ya ndoo ya taka, chini ya maganda ya muhogo.

Kama nawe umewahi kuzika karatasi namna hiyo, nakuandikia wewe. Mtu anayependa kula tu, au aliyeongezeka kilo tatu baada ya msimu wa arusi, haya si yake. Hapa hakuna dawa ya kukonda.

Kwanza, jua unapambana na nini

Wataalamu wenyewe hawajakubaliana juu ya jina. Kitabu cha kupimia maradhi ya akili cha madaktari wa Marekani, toleo la tano la mwaka 2013, kinautambua ugonjwa wa kula kupindukia kwa mikupuo: mtu hula chakula kingi kwa muda mfupi huku akihisi hawezi kujizuia, na hali hiyo humrudia angalau mara moja kwa wiki kwa muda wa miezi 3. "Uraibu wa chakula" kwa jina hilo haumo. Lakini mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale walichukua vipimo vinavyotumika kwa watumiaji wa dawa za kulevya, wakavigeuza kuwa maswali 25 kuhusu chakula, na wako watu wengi wanaojiona ndani ya maswali yale.

Mimi sigombanii jina. Sisi watu wa pwani neno "arosto" tunalijua, tena si la kusimuliwa. Nyumba ngapi hapa Lamu na Malindi zimelala macho na kijana anayetetemeka kwa kukosa heroini? Siwezi kuifananisha shida yangu na ya kijana yule, yake huua upesi. Ila siku ya tatu bila sukari kichwa kiliniuma, nikawakaripia watoto kwa kosa la kucheka, na saa 5 usiku nikajikuta nimevaa buibui, niko mlangoni, sijui naenda wapi. Nilikuwa najua vizuri sana naenda wapi.

Basi jiulize. Hula hali umeshiba, mpaka tumbo linauma? Hula haraka kama unayefukuzwa? Hungoja walale ndipo ule? Mara ngapi umesema "kesho naanza"? Umewahi kumdanganya mtu kuhusu kitu ulichokila, kitu ambacho hata hakikuwa haramu? Hilo la mwisho ndilo lililonikamata mimi. Sikuwa nimeiba. Nilikuwa nimekula kaimati, nami nikaificha kama maiti.

Tofauti kubwa na dawa za kulevya ni hii: aliyeacha heroini anaweza kuihama maskani asirudi tena. Wewe utarudi jikoni mara tatu kila siku hadi unakufa. Kwa hiyo tunachojifunza ni kukikabili chakula bila kujificha, na kutojificha ni jambo lisilofanyika ukiwa peke yako. Ndiyo maana nasisitiza kikundi. Nilijaribu peke yangu mara nyingi kuliko nywele za kichwani.

Hatua ya 1: Pita hospitali

Hii ni fupi lakini usiiruke. Kama una sukari au presha, na hasa kama unatumia insulini au vidonge vya kushusha sukari, ukibadilisha chakula ghafla bila kumwambia daktari unaweza kuishiwa sukari mwilini ukaanguka. Nenda hospitali ya kaunti, King Fahd kwa sisi wa kisiwani, au hospitali ya Malindi kwa walio huko, upimwe, kisha umwombe mtaalamu wa lishe akae nawe chini.

Jambo la pili, na hili waambie kwa kinywa chako maana hawatakuuliza: kama hujitapisha baada ya kula, au hunywa dawa za kuharisha ili ulipie ulichokila, au hupitisha siku nzima bila kula kwa ajili ya kujiadhibu, huo ni ugonjwa unaohitaji daktari na mshauri. Kadhalika ukijihisi umechoka kuishi. Kikundi kitakusindikiza huko. Hakiwezi kuwa badala ya huko.

Hatua ya 2: Mwambie mtu mmoja

Mmoja tu. Si mume kama ndiye atakayekuhesabia matonge, wala si dada yako ambaye naye yuko kwenye dayati yake ya ndimu na maji moto. Tafuta mtu asiyeropoka. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua, nasi kilio chetu huja polepole, kwa miguu inayovimba na macho yanayofifia.

Usimwambie "napenda kula sana." Atacheka, aseme nani hapendi. Mwambie kitendo. Mimi nilimwambia jirani yangu habari ya wale wachuuzi watatu na zile karatasi. Akanyamaza. Kisha akaniambia kwamba yeye halua huiweka ndani ya pipa la unga, anachimba kwa mkono wakati wa usiku. Tumekaa mlango kwa mlango miaka 11.

Na sisi tukawa wawili. Wawili wanatosha kuanza.

Hatua ya 3: Jua njia hii ilikotoka

Hatukuibuni sisi. Mwaka 1935 kule Akron, Ohio, walevi wawili wanaojulikana kama Bill W. na Dokta Bob waligundua kwamba mlevi akizungumza na mlevi mwenzake, wote wawili hupata nguvu ya kutokunywa siku ile. Hapo ndipo Alcoholics Anonymous ilipoanzia, na baadaye hatua zao 12. Wacheza kamari wakaiga. Mwaka 1958 mama mmoja wa Los Angeles, Rozanne S., alihudhuria mkutano wa wacheza kamari akajisikia anasimuliwa maisha yake, isipokuwa yeye kamari yake ilikuwa sahani. Januari 1960 akakaa na wanawake wengine wawili, na huo ukawa mwanzo wa Overeaters Anonymous, OA kwa ufupi. Walikuwa watatu tu. Hili hunifariji sana, kwa kuwa sisi pia tulianza hivyo.

Sharti la kujiunga na OA ni moja: uwe na nia ya kuacha kula kwa kulazimikalazimika. Hakuna kiingilio wala mizani mlangoni, wala hutaulizwa dini yako. Hatua zao humtaja Mungu "kama tunavyomfahamu", na katika kikundi chetu Waislamu na mwenzetu mmoja Mkristo hatujawahi kugombana hapo. Kila mtu anamjua anayemwomba.

Unaweza kuwasikiliza OA wenyewe, kwa sababu wana mikutano kwa simu na kwa Zoom, mingi kwa Kiingereza. Angalia saa tu. Mkutano wa saa 1 usiku London kwetu ni saa 3 usiku wakati wa kiangazi chao, na saa 4 wakati wa baridi yao. Wa saa 1 usiku New York ni saa 8 au saa 9 usiku wetu, na kwangu mimi saa hiyo kuwa macho karibu na jiko ni hatari kuliko faida. Uhudhurie miwili mitatu ya London ujifunze mwenendo. Kisha rudi nyumbani, utengeneze wenu.

Hatua ya 4: Kusanyikeni

Hapa ndipo tulipokosea sana, nami nitakawia hapa kidogo.

Mahali. Si hotelini, si barazani, si nyumba yenye watu wa kupita. Lamu ni mji ambao punda akikohoa Langoni, Mkomani wanamwombea dua. Sisi hukaa msanani, ule ukumbi wa ndani, kwa mwenzetu ambaye nyumba yake huwa tupu alasiri. Wanaume wana mkutano wao, na siwalaumu, kuna mambo mwanamume hatayasema mbele yetu, nasi vilevile.

Saa. Tulichagua saa 10 na nusu hadi saa 11 na nusu, baada ya swala ya alasiri. Si kwa bahati. Huo ndio wakati bajia, viazi karai na mishkaki hutolewa barabarani, na mguu hujiendea wenyewe. Angalia saa yako mbaya ni ipi, mkutano uuweke hapo hapo juu yake.

Jina. Watu watawaona mkiingia. Tukajiita Kikundi cha Alasiri, na anayeuliza anaambiwa ni chama. Si uongo.

Sasa kosa lenyewe. Mkutano wa kwanza, watu watatu, tumeketi, tumesoma dua. Mwenye nyumba akainuka kidogo akarudi na sinia: sambusa, mahamri, mbaazi za nazi zinafuka moshi. Hakuwa na nia mbaya, masikini. Mgeni anaingiaje nyumba ya Mswahili akatoka mdomo mkavu? Tulitazamana. Mmoja akaanza kucheka, akacheka mpaka machozi yakawa ya kweli. Hatukula, lakini hatukuzungumza lolote la maana siku ile, sote tulikuwa tukilisikiliza lile sinia. Tangu siku hiyo sheria ni maji, au kahawa tungu bila kashata.

Mwenendo ni huu, na ni vizuri uandikwe kwenye karatasi isomwe kila mara. Anayeongoza hubadilika kila wiki, asije mtu akageuka mwalimu mkuu. Dua au kimya cha dakika moja. Kila mtu husema kwa dakika 5, habari zake mwenyewe, na wengine husikiliza. Hakuna kujibu, hakuna "mimi kama wewe ningefanya hivi," hakuna kumtajia mtu mbegu za chia. Aibu yako hutoka polepole, ikikutana na ushauri hurudi ndani mbio. Uzito hautajwi. Chakula hakielezwi kwa ladha yake: sema "nilikula kile kitu", usituletee shira na iliki, kwani kuna mtu atatoka hapa na hamu uliyompa wewe. Na mwisho wote husema: ya hapa yabaki hapa. Aliyeitoboa siri, hata kwa mapenzi, anaombwa apumzike kuja kwa muda. Tumelifanya mara moja, likatuuma.

Mchango wetu ni shilingi 20 za bando kwa asiye nazo. Basi.

Hatua ya 5: Chagua somo

Wenye OA mtu wa kukuongoza humwita msimamizi. Mimi nasema tunalo neno letu. Mwali alikuwa na somo wake, mwanamke aliyetangulia, wa kumwambia bila kuona haya mambo ambayo mama mzazi hawezi. Ndiyo kazi hiyohiyo. Somo si daktari wala polisi. Ni mtu aliyekutangulia hata kwa mwezi mmoja, na ambaye kila asubuhi kabla ya saa 2 unamtumia kwenye WhatsApp utakachokula siku hiyo.

Ujumbe wangu wa kwanza ulikuwa hivi: "Asubuhi mayai 2, mkate wa mofa 1, chai bila sukari. Mchana wali kikombe 1, samaki wa kuchoma, mchicha. Usiku mbaazi kikombe 1, chapati 1." Milo mitatu, katikati hakuna kitu, na ni ya leo peke yake. Usimpangie somo wiki nzima, utakuwa unajipigia debe.

Vitu gani vya kuacha kabisa, kila mtu ana vyake. Kaa na mtaalamu wa lishe, andika orodha mbili: vile ninavyokula nikaishia sahani moja, na vile ambavyo sijawahi kuishia. Kwangu ya pili ilikuwa fupi kuliko nilivyodhani: kaimati, halua, tambi za sukari, na chochote kinachonunuliwa cha kutafuna kwa mfuko. Mahamri naweza, ajabu. Jirani yangu hawezi kabisa. Ukivitazama hivyo vya orodha ya pili utakuta mara nyingi vimekusanya sukari na mafuta, au unga mweupe na mafuta, mahali pamoja. Tende ina sukari bila mafuta, nazi ina mafuta na sukari kidogo. Halua ina vyote, tena kwa wingi.

Wiki ya kwanza au mbili tarajia kichwa, hasira, usingizi mbovu, na ndoto za chakula. Kunywa maji, lala mapema, na hamu ikija piga simu *kabla*. Baada ya kula hiyo simu inakuwa ya maungamo, ambayo pia ni nzuri, ila ya kabla ni bora.

Hatua ya 6: Sinia, arusi na mavyaa

Hapa miongozo ya Ulaya na Marekani hainisaidii hata kidogo. Wao husema "pima chakula chako." Nipime nini kwenye sinia la watu sita?

Nimejaribu njia tatu. Kula upande wangu ukiisha ninyanyuke: haikufaa, mwenye huruma husukuma nyama upande wako. Kusema sijisikii vizuri: ilifaa mara mbili, ya tatu ikaitwa mimba. Iliyobaki ndiyo ninayoitumia. Kabla sinia halijashuka nachukua sahani, napakua kikombe changu cha wali na kitoweo, naketi na wenzangu palepale pembeni ya sinia. "Daktari amenipa sahani yangu," nasema, na ni kweli, ndiyo sababu nilikwambia uanze na hospitali. Watu wa kwetu hawabishani na daktari mbele ya watu.

Ukipita mtu anakula, akakwambia "karibu", jibu lipo tangu enzi za mababu: "Starehe." Usijieleze. Neno hilo limebeba heshima yote inayohitajika, sijui kwa nini tumelisahau tukaanza kutoa hotuba.

Arusini na kwenye hitma, epuka jikoni. Kazi ya kupika kwa pamoja ni kuonja, na kuonja sufuria nne ni mlo mzima ambao hukuuandika. Omba ufukize udi au umwagie watu marashi. Ni kazi ya heshima, mikono yako ina shughuli, na uko mbali na mafuta.

Mavyaa ni jambo jingine. "Mwanangu, hujala kitu, au chakula changu kibaya?" Mapenzi yake yote yako kwenye ile bakuli, na ukiisukuma umemsukuma yeye. Mimi humwambia, "Mama, mkono wako ndio ulionifikisha hapa," tukacheka, kisha namwomba kitu kingine anipe: anisuke, anisimulie, anifundishe kushona kofia. Na asikufungie cha kwenda nacho. Mfuko wa kwenda nao, hata wenye baraka, huishia nyuma ya mlango wa jiko.

Halafu kuna wale watakaokutazama baada ya miezi mitatu: "Umekonda, una nini?" Kwetu aliyenona amenawiri, aliyepungua anaumwa au ameachwa. Tayarisha jibu moja, ulirudie. Langu: "Afya, alhamdulillahi, natunza."

Ramadhani

Watu hudhani mwezi huu ni rahisi kwetu. Kinyume chake. Kufunga mchana ilikuwa ndiyo ruhusa yangu ya usiku, kuanzia adhana ya magharibi hadi daku bila kupumua. Sasa tumekubaliana: tende 3 na maji, swali, kisha sahani moja uliyoiandika alasiri ukiwa na njaa. Ndiyo, ukiwa na njaa, na somo ataipunguza kama umeandika kwa wazimu. Daku ni mlo wa pili, nao unaandikwa. Kati yake hakuna kitu, hata kama jirani ameleta sahani chini ya kawa. Ipokee, shukuru, ipeleke kwa mwingine kabla hujafunua.

Wenye sukari wamuulize daktari kwanza kama wafunge.

Ukiteleza

Utateleza. Mimi niliteleza siku ya 41, usiku wa Maulidi, watu wamejaa mji mzima, na yule mama wa kichochoroni akaniona akafurahi kama aliyeona mwanawe. Nilinunua. Safari hii nilinunua kwake tu, na sikusema nina wageni.

Usilipe kwa kukosa kula kesho yake. Huo ndio mlango wa mkupuo mwingine, njaa ya mchana inakuwa kisingizio cha usiku. Amka, kula asubuhi yako ya kawaida kwa saa yake. Usihesabu siku zilizopotea. Usihame kikundi kwa aibu. Kiti chako kikiwa tupu wenzako watajua sababu, bora ukae juu yake. Na mwandikie somo kabla hujapiga hata mswaki, kabla akili haijapata nafasi ya kutunga.

Niliandika: "Jana usiku kaimati, sahani nzima, peke yangu. Leo asubuhi mayai 2, mofa 1, chai bila sukari."

Ikakaa dakika moja. Akajibu: "Nimeona. Na mchana?"